Historia ya Ezron Lazaro, Aliyeanguka Bila Kuguswa

Mchungaji na wazee wa kanisa, wakwe zetu mliotoka Kiwira, majirani wote wa Kisondela, na ninyi kina mama wa jikoni, hebu wekeni miiko chini kidogo, ndizi hazina miguu, ukoo wa Mwampiki umemsimamisha shangazi wa marehemu aseme huyu aliyelala hapa alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya nini, alimuoa nani, aliugua nini na akafa na nini, na kwa kuwa shangazi huyo shule aliishia darasa la pili, yatasemwa kama tunavyosema siku zote, na anayetaka kucheka acheke, msiba wa Kinyakyusa usio na kicheko huo ni mkutano wa kijiji.

Marehemu Ezron Lazaro Mwampiki alizaliwa tarehe 3 Mei 1971, hapa hapa Kisondela, katika ile nyumba ya zamani iliyokuwa pale penye mparachichi, akiwa mtoto wa tatu, na wa kiume peke yake, wa kaka yetu mzee Lazaro na mkewe Tusekile, ambao wote wametangulia, na alizaliwa kwa kutanguliza mguu wa kushoto, mkunga akapiga yowe mpaka mbuzi wakakata kamba, na mzee Lazaro alipoelezwa akauliza, "Huo mguu una haraka ya kwenda wapi?"

Shule ya msingi aliianza mwaka 1979 na kuimaliza mwaka 1985, hapa kijijini, hakuchaguliwa kuendelea, na wala hakuna aliyeshangaa, maana mwalimu mkuu alikuwa ameshasema mbele ya wazazi kwamba akili za mtoto huyu zote zimeteremkia miguuni, na mzee Lazaro badala ya kukasirika akafurahi, akasema basi na tuzitumie huko huko ziliko.

Uwanja wetu wa Kisondela wenyeji mnaujua, wageni mtaupita mkienda makaburini, goli moja liko juu karibu na kanisa na goli jingine liko chini karibu na mto, na kipa wa chini siku zote alikuwa anasimama kama mtu anayesubiri mafuriko, na kapteni wa timu alikuwa Amoni, yule pale amekaa nyuma ya mgomba, Amoni usijifiche, mgomba wenyewe mwembamba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa rika la Ezron, walichunga pamoja, wakaoga mtoni pamoja, na kila mechi alihakikisha kipindi cha pili timu yetu inashambulia kwenda chini, halafu anapiga pasi ndefu, anapaza sauti, "Ezron, teremka!", na Ezron akiteremka hapakuwa na mtu wa kumshika, labda angekuwa na pikipiki.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa mpira, na mwaka 1990 akachukuliwa na timu ya pale Tukuyu mjini, na tarehe 15 Machi 1992, siku ya Jumapili, timu kubwa ya Dar es Salaam, jina halitajwi kwa sababu humu wamo mashabiki wa pande zote mbili na jeneza bado halijatoka, ilipita ikitokea Malawi, ikacheza na vijana wetu mechi ya kirafiki, na mvua yetu ya mwezi wa tatu, ile inayonyesha mpaka kuku anasahau rangi yake, ilikuwa haijakata tangu wiki iliyotangulia, uwanja umekuwa uji, wale wa Dar wanateleza wanakalia makalio, wanainuka, wanakaa tena, lakini Ezron, mtoto aliyekua akiteremka vilima hivi peku na mkungu wa ndizi begani, alipita katikati yao kama yuko kwao sebuleni, akafunga mabao matatu, na shangazi yake alipiga vigelegele mpaka kitambaa cha kichwa kikaenda zake na hakijaonekana hadi leo.

Wiki hiyo hiyo wakaja mabwana wawili wa timu hiyo, wamevaa suti na viatu vyeupe, viatu vyeupe, Rungwe, mwezi wa tatu, mjue akili zao zilivyokuwa, mmoja akamshika mzee Lazaro bega akamwambia, "Mzee, kijana wako hakuzaliwa, huyu alitengenezwa," gazeti la Dar likatoa picha yake wakamwandika Radi ya Rungwe, wakasema miaka mitano ijayo nchi nzima itakuwa inatembea juu ya mguu wake wa kushoto, mzee Lazaro akaipigilia picha ukutani kwa misumari minne, na kuanzia siku hiyo alikuwa haamkii mtu mpaka aamkiwe.

Sasa hapa wageni wasikilize vizuri, maana ndipo yalipotokea mambo yote.

Tarehe 11 Aprili 1992, Jumamosi, mzee Lazaro alichinja fahali kumuaga mwanawe, na kwetu fahali akichinjwa, mguu wa nyuma mzima ni wa majirani, ni wa rika, wenyewe wanaugawana na kuula pamoja, hilo halisemwi, ni kama kusema mvua ni ya shamba, lakini kaka yetu kwa kuwapenda wale mabwana wa viatu vyeupe akaufunga ule mguu kwenye majani ya mgomba, akauweka kwenye buti la Peugeot yao, ukaenda nao Dar, na vijana wa rika walipokaa na majani yao tayari mbele, Amoni akauliza kwa heshima kabisa, "Tata, mguu wetu uko wapi?"

Mzee Lazaro akajibu, "Mguu umepanda gari."

"Na sisi?"

"Ninyi kuleni utumbo, utumbo nao ni nyama, au mnadhani ninyi ndio mnaompeleka Dar?"

Amoni akafuta mikono kwenye jani, taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema, "Haya, aende, tutamsikiliza redioni," na Ezron, aliyekuwa amesimama pale na suti ya kuazima, alimwangalia baba yake, akamwangalia rafiki yake, akapanda gari, lilikuwa linapiga honi.

Wazee wetu walituambia kwamba majirani wakikukasirikia kwa haki, wakinung'unika chini chini huko kwao, ile pumzi yao inatoka kama ubaridi, mbepo, inakufuata popote ulipo, inakuingia mwilini, mguu unakuwa wa baridi kama wa chura, na dawa yake haiko dukani wala hospitali, dawa ni kuwalisha wale watu wale washibe, halafu mkubwa wao achukue maji kinywani, ayapulize chini, aseme kwa sauti, "Kama ilikuwa ni sisi, imekwisha," na Mchungaji anatikisa kichwa pale, Mchungaji tikisa tu, lakini hata wewe mwaka juzi fundi wa paa alipokununia ulimpelekea maziwa.

Ezron akafika Dar es Salaam, akapewa kitanda kwenye nyumba ya klabu, akaahidiwa na kazi ya stoo kwenye shirika moja la umma, lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa, shirika likauzwa kabla hajakalia kiti, ikabaki mpira tu, na mpira wenyewe haukumtaka, uwanja wa kule mkavu, umenyooka kama meza, mpira ukidunda unakupita, na kocha siku ya tatu alimsimamisha mbele ya wenzake akamuuliza, "Kijana, mbona unakimbia kama unashuka ngazi?", wenzake wakacheka, wakaanza kumwita Ngazi, ile Radi ikaishia gazetini.

Sisi huku tulikuwa tunasikiliza kwa Hasheem, mfanyabiashara wa Bulyaga, huyu hapa mwenye kofia, baba yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapa na Kinyakyusa chake kinatushinda sisi, Hasheem alikuwa na redio kubwa dukani, na kila Jumamosi Kisondela nzima ilipanda kwenda kujazana pale, mzee Lazaro kwenye kiti, sisi wengine kwenye magunia, na mtangazaji kila mechi anasema, "Pembeni ya uwanja tunamwona yule kijana kutoka Rungwe, Ezron Lazaro, anapasha misuli," tunapiga makofi, kipindi cha kwanza anapasha misuli, kipindi cha pili anapasha misuli, mechi inakwisha, Ezron bado anapasha misuli, mwaka mzima, mpaka Hasheem akasema, "Jamani, huyo si angeshaiva?", na mzee Lazaro akamtukana hapo hapo ndani ya duka lake mwenyewe.

Tarehe 19 Juni 1993, Jumamosi, wakamwingiza, dakika zimebaki chache, redio ikatetemeka kwa kelele zetu, mtangazaji akasema, "Ezron anaupata mpira, yuko peke yake, anakwenda, anakwenda, kipa anatoka," shangazi yake alikuwa ameshika mkono wa mama mmoja mpaka akamtoa bangili, halafu sauti ya mtangazaji ikashuka, akasema, "Ameanguka, Ezron ameanguka, hakuna aliyemgusa," na huko nyuma ya redio tukasikia uwanja mzima wa Dar unacheka, kicheko kama mvua inayokuja juu ya migomba.

Mzee Lazaro anaangalia redio kama imemtemea mate, ndipo Amoni kutoka kule kwenye magunia ya chumvi akasema, wala hakupaza sauti, "Hakuna aliyemgusa? Sisi tumemgusa."

Basi habari hiyo ilitembea Rungwe yote, Kiwira, Bulyaga, mpaka huko kwenye mashamba ya chai, kwamba kuna rika Kisondela waliomwangusha mtu uwanjani Dar es Salaam wakiwa wamekalia magunia ya chumvi, na kuanzia hapo Amoni na wenzake wakawa watu wakubwa, kwenye harusi wanaanza wao kupakuliwa, kwenye pombe yetu ya kimpumu wao ndio wanaanza kuvuta mrija, mtu akichinja hata mbuzi mguu unawafuata kwao mbio, na watoto wakicheza mpira mmoja akiteleza wote wanaimba, "Hakuna aliyemgusa!"

Timu ikamwacha, akarudi Februari 1994, na kwa kuona aibu hakushuka Tukuyu, alishukia Kiwira ili akate njia za ndani asionekane, lakini Mungu hamfichi mtu, shangazi yake siku hiyo alikuwa Kiwira anauza ndizi, akamwona na traksuti yake na begi lake, akapanda gari la mkaa, na Ezron alipofika Kisondela jioni kwa miguu akakuta watu wamejipanga njiani wote wanapasha misuli, wazee wanapasha, kina mama wanapasha, mpaka bibi mmoja wa miaka themanini anapasha na mkongojo wake, ah, tulicheka siku ile, watu walishika miti, na yeye akapita katikati na begi kichwani, akatuamkia wote, mmoja mmoja.

Akaanza kazi ya kuchuma chai na kubeba ndizi hadi barabarani, na tarehe 16 Desemba 1995 akafunga ndoa kanisani na Ikupa, binti wa Kiwira, huyu mjane aliyekaa hapa, ambaye watu walimuuliza anaolewaje na kichekesho, akawajibu, "Mimi naolewa na mtu, kichekesho kaeni nacho ninyi," na Mungu akawajalia watoto wawili, Jenifer aliyezaliwa mwaka 1996 na Asajile aliyezaliwa mwaka 1999, wote wapo.

Lakini Ezron alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, na kila mtu aliyeko hapa alikijua, alitaka kukaa na rika lake, kwa sababu mwanaume wa kwetu anayekula peke yake ni nusu mchawi, na yeye akipita pale kwa Amoni jioni wamekaa kwenye benchi, mbalaga, ndizi zetu za kupika, inafuka mvuke katikati yao, wanamwambia, "Karibu, Ezron," kwa sauti nzuri kabisa, na hakuna anayesogea, anasimama, anasubiri, benchi limejaa makalio, na siku ya kimpumu akiomba mrija wanamwambia, "Mrija wako uko Dar, uliondoka na mguu wetu," wanacheka, naye anacheka nao, halafu anaenda kula kwake na mke wake.

Mzee Lazaro akafa mwaka 1997, na mpaka anakata roho alikuwa anasema ng'ombe alikuwa wake na mguu ulikuwa wake, kwa hiyo lile deni la nyama akaliacha kwa mwanawe kama watu wengine wanavyoacha shamba la kahawa, na mguu wa kushoto wa Ezron kweli ukawa unapoa, msimu wa baridi anauweka jikoni kwenye majivu kama kiazi, akamfuata Amoni, akamwambia, "Nitachinja, nitawapa mguu, mniambie tu neno," Amoni akasema, "Chinja kwanza."

Ng'ombe hakuwa naye, akachukua ng'ombe jike wa Hasheem amtunze, kwa makubaliano ya siku zote kwamba ndama wengine wa mwenye mali na mmoja wa mtunzaji, akamkatia majani miaka na miaka mpaka akapata ndama dume wake, akamlea, wakati Jenifer anakwenda shule ya vidudu kwenye ule utelezi bila viatu, na Ikupa akamwambia, "Baba Jenifer, fahali huyo ana viatu mgongoni na bati la nyumba," akajibu, "Viatu vitakuja, mama, ngoja kwanza nikae na watu."

Hasheem naye alimhurumia, na hili Hasheem kalisema mwenyewe juzi hapa matangani, siku moja alimchukua Ezron mpaka uwanjani kwetu, hakuna mtu, akaweka mpira pale katikati, akauachia, mpira ukaanza kwenda wenyewe, polepole, halafu haraka, ukaingia goli la mtoni bila kupigwa na mtu, Hasheem akamwambia, "Unaona, ndugu yangu? Hakuna pumzi hapa. Ulijifunza mpira kwenye mteremko, Dar hakuna mteremko, basi. Muuze ng'ombe wako ulale."

Ezron akaufuata mpira mpaka kule chini, akaurudisha kwapani, akasema, "Hasheem, hilo usimwambie mtu. Kama ni pumzi, basi nilikuwa mchezaji, wakaniharibu. Ukinipa mteremko sikuwahi kuwa kitu."

Basi akachinja, tarehe 29 Septemba 2001, Jumamosi, Hasheem ndiye aliyeshika kisu ili na Waislamu wa Bulyaga wapate kula, fahali mnene, na mguu wa nyuma Ezron aliubeba mwenyewe mabegani, mzima, akiwa anachechemea na mguu wake wa baridi, akauweka mbele ya rika, akapiga magoti, na shangazi yake alikuwepo, hakusimuliwa, wale watu walikula, walikula mpaka mkanda wa Amoni ukalegezwa, wakavunja mifupa wakanyonya, na walipomaliza Ikupa akaleta maji kwenye kikombe cha bati, akampa Amoni kwa mikono miwili, watu wote wakasimama.

Amoni akayatia maji kinywani, akavimbisha mashavu, Ezron pale chini macho yamemtoka, kanyoosha mguu wake mbele kama mtu anayesubiri kupimwa kiatu, na Amoni akayasukutua yale maji, huku na huku, akayameza, akatoa kipande cha nyama kwenye jino, akakiangalia, akasema, "Nyama ngumu. Fahali alikuwa mzee huyu."

Watu walicheka, tusidanganyane mbele ya maiti, walicheka mpaka wengine wakakaa chini, ungekuwepo na wewe ungecheka, ile sura yake Ezron, na ule mguu alivyounyoosha, ni Ikupa peke yake hakucheka, alichukua kikombe chake akaingia ndani, na jioni alipopita nyuma ya nyumba ya Amoni kwenda kuteka maji aliwasikia kwenye kimpumu, mmoja anasema, "Lakini mwenzetu kalipa, si tungesema tu?", na Amoni anajibu, "Tukisema leo imekwisha, kesho nani atatuogopa?"

Ugonjwa ulianza Agosti 2002, kifua, kikohozi na kukonda, na wale mnaonong'ona huko nyuma kwamba ni ule ugonjwa mwingine, alipimwa, hakuwa nao, mkanong'one kitu kingine, ilikuwa kifua kikuu, na daktari alisema kinatibika, tatizo hakwenda mapema, kila Ikupa akimwambia twende hospitali anasema hii si ya hospitali, hii ni pumzi, ngoja Amoni aseme neno, mimi nimeshalipa, atasema tu, Amoni ni rafiki yangu, na akawa anakaa mlangoni kila jioni na kiti cha pili kando yake.

Mwezi wa tano mwaka huu Ikupa akamshika Asajile mkono akaenda kwa Amoni, mvua inanyesha, akawakuta kwenye benchi lao, akasema, "Shemeji, mume wangu anakwisha, njoo umwambie neno moja, hata kama huliamini, ili akubali kwenda hospitali," na Amoni akavuta mrija wake, akawaangalia wenzake, akasema, "Mwambie aendelee kupasha misuli, ataingizwa."

Ikupa hakulia, alirudi nyumbani, akaita vijana wa ukoo wakambeba mgonjwa kwenye machela kwa nguvu huku anakataa, wakamfikisha hospitali mapafu yakiwa yameshatoboka kama chekeche, madaktari wakahangaika naye wiki sita, na tarehe 7 Julai 2003, siku ya Jumatatu, alfajiri, akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na la mwisho alilomuuliza mke wake ni kama kuna mtu amekuja.

Hakuna aliyekuja, lakini jana alikuja.

Jana mchana Amoni alikuja hapa matangani, amenyoa ndevu, amevaa koti, na kikombe cha maji kakileta mwenyewe kutoka kwake, akasema anaomba asimame karibu na jeneza aseme lile neno, "imekwisha," mbele ya watu wote, na tulijua kwa nini, kila mtu alijua, kwa sababu kumwangusha mtu uwanjani ni sifa, lakini kula nyama ya mtu, kumnyima neno, halafu akafa, hiyo kwetu ina jina lake na si jina zuri, tangu Jumatatu watu wamekuwa wakikaa mbali na Amoni kwenye benchi, wenzake wa rika wanasema wao walitaka kusema ni yeye aliyekataa, na wale watu wa Kiwira waliokuwa wanakuja kumposa binti yake wamegeuzia njiani na jogoo wao.

Mchungaji alitushauri tumruhusu, tusamehe, na tunamshukuru kwa ushauri, kusamehe tutasamehe Jumapili, leo ni Jumatano, na ukoo ulipomuuliza mjane, mwenye haki ya kusema, Ikupa alimpokea Amoni kile kikombe kwa mikono miwili, kama siku ile, akayamwaga maji yale kwenye mchicha, akamrudishia kikombe, akasema, "Karibu, shemeji, kaa," na kwenye jamvi hakusogea hata mmoja wetu.

Kwa hiyo inatangazwa rasmi na ukoo wa Mwampiki, kwa mdomo wa shangazi, kwamba hapa msibani na kule kaburini Amoni hatasema neno, hatapewa nafasi ya kutoa salamu, hatashika udongo, na akisema akiwa njiani au nyumbani kwake hatujasikia, atakaa nalo hilo neno kinywani mpaka limwoteshe fangasi, na wajukuu zake wakiuliza kwa nini watu wanawaita watoto wao ndani yeye akipita, awaeleze mwenyewe.

Ukoo unawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia marehemu walipofikishiwa mtu aliyekwisha, wachumaji wenzake wa chai waliokuja na kuni na mchele, Bwana Hasheem wa Bulyaga aliyetoa turubai na gari, kwaya, wazee wa kanisa, na wakwe zetu wa Kiwira waliotulelea mwanamke mwenye shingo ngumu, ndaga fijo kwenu nyote, na tunawashukuru majirani, rika la marehemu, mliochimba kaburi tangu asubuhi kwenye udongo uliolowa, mmechimba vizuri, pembe zimenyooka, fahali amechinjwa na mguu wa nyuma ni wenu mzima, uko pale umefunikwa, tukitoka makaburini mtaula, hatumnyimi mtu nyama, kuleni mshibe, mlambe na vidole, kisha muondoke midomo imefumbwa.

Ezron, mwana wa kaka, wewe pumzika, hiyo amani ni yako peke yako, hawa hatuwapi.